Programu niliyoinunua haitaki kurudi kwenye kompyuta yangu: barua ya wazi kutoka Nasser Road

Kwa Mheshimiwa Waziri wa TEHAMA na Mwongozo wa Taifa,
Kwa wasimamizi wa teknolojia ya habari ya serikali katika NITA-U,
Kwa Msajili Mkuu, URSB, ofisi inayoshughulikia hakimiliki,
Kwa wote mliokabidhiwa Maktaba ya Taifa ya Uganda,

Waheshimiwa, nawasalimu.

Mimi ni mpanga kurasa. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekaa mbele ya kompyuta katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili, Nasser Road, hapa Kampala, nikipanga kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za misikiti, mabango ya wagombea kila msimu wa uchaguzi, na vijitabu vya watu ambao wachapishaji wakubwa hawakuwa na nafasi nao. Nilizaliwa Bombo, Kiswahili nilikikuta nyumbani na katika kambi ya jeshi, na wateja wanalijua hilo: mwenye kitabu cha Kiswahili huelekezwa kwangu. Ndiyo sababu ninawaandikia kwa lugha hii, ambayo tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili ya nchi yetu.

Mwaka jana alinijia mwalimu mstaafu, mama niliyempangia kitabu mwaka 2005. Kilikuwa kitabu cha kurasa 96 cha kuwafundisha Kiswahili watoto wanaokianza, chenye majedwali ya ngeli na ya vitenzi ambayo aliyachora mwenyewe kwa penseli kabla sijayahamishia kwenye kompyuta. Tulichapa nakala 500. Zilichukua miaka sita kuisha, na sote wawili tukadhani habari yake imekwisha. Kisha Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na walimu wakaanza kumtafuta. Alipanda ngazi zangu kwa furaha ya mtu aliyeitwa tena kazini. Alitaka kusahihisha mambo machache, kuongeza sura moja, na kuchapa nakala 2,000.

Nilimwambia, "Mwalimu, usiwe na wasiwasi, faili zako ninazo."

Na ni kweli ninazo, hadi leo. Zimo kwenye sidii iliyoandikwa jina lake kwa kalamu nene, ndani ya sanduku la bati chini ya meza yangu. Kompyuta iliyozipanga ndiyo iliyokuwa haipo tena. Iliungua siku umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu. Hilo halikunitisha. Sidii ya programu nilikuwa nayo, kwenye boksi lake la kiwandani, namba ya leseni imebandikwa mgongoni, na risiti ya malipo nimeitunza kwenye bahasha. Nilitafuta kompyuta nyingine ya umri uleule, nikaweka mfumo wa zamani, nikaanza kusakinisha.

Kazi ilikwenda vizuri hadi mwisho. Programu ikafunguka. Halafu ikataka niiamilishe kupitia intaneti, yaani ithibitishwe kuwa ni halali kabla ya kufanya kazi, ikaitafuta seva ya kampuni iliyoitengeneza, ikaikosa, ikajifunga. Nikajaribu njia ya simu. Namba iliyoonyeshwa kwenye skrini haipokelewi tena. Nikaiandikia kampuni yenyewe. Baada ya siku tisa nilijibiwa kwa adabu kwamba bidhaa hiyo haitolewi tena wala haihudumiwi, na kwamba ningeweza kujiunga na toleo jipya linalolipiwa kila mwezi. Niliuliza kama toleo jipya litafungua faili zangu za mwaka 2005. Nikajibiwa kwamba halitazifungua.

Kampuni hiyo sitaitaja. Sikuandika ili kuishtaki. Nimeandika kwa sababu nyinyi ndio wenye uwezo wa kubadilisha kanuni zinazoiruhusu, yeye na wenzake, kufanya hivyo.

Najua mtu wa kazi yangu ataniuliza kwa nini sikutunza PDF. Wakati ule tulikuwa tunatoa kurasa kwenye karatasi angavu moja kwa moja, zinapelekwa kuchoma pleti za kuchapia, na zikishatumika zinatupwa. Hilo lilikuwa kosa letu wapanga kurasa, na nimelijutia. Mwingine ataniuliza kwa nini hatukuskani nakala iliyochapwa. Tuliiskani. Tulichopata ni picha za kurasa, na picha haikubali kuongezewa sura. Tulipoiambia kompyuta isome maneno kutoka kwenye picha hizo, ilidondosha ritifaa karibu zote. Ng'oa ikawa ngoa. Ng'ombe akawa ngombe. Mtu anayesoma Kiswahili anajua kwamba kung'oa mti ni jambo moja, na kuwa na ngoa juu ya mali ya jirani ni jambo jingine kabisa. Katika kitabu cha kumfundisha mtoto tofauti ya ng na ng', ritifaa ndiyo somo lenyewe.

Basi tuliandika upya kurasa zote 96, neno kwa neno, mimi na kijana ninayemfundisha kazi, kwa siku 11. Majedwali ya ngeli tuliyachora upya mstari kwa mstari. Mwalimu alikaa nasi siku nne akisoma, na bado tuliona makosa baada ya pleti kuchomwa. Gharama ilipanda. Fedha zake hazikupanda. Nakala 2,000 zikawa 700, na hizo 1,300 zilizopungua ni za watoto ambao sasa wanasoma kwa kunakili ubaoni.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza wenzangu wa Nasser Road na Nkrumah Road, na karibu kila mlango una habari yake. Wapo waliorithi faili za PageMaker, programu ya zamani ya kupanga kurasa, kutoka kwa wazee waliostaafu. PageMaker ilianza mwaka 1985, toleo lake la mwisho, la 7, lilitoka mwaka 2001, na kwa muda mrefu daraja lilikuwepo: programu iliyoirithi, InDesign, hadi toleo la CS6 la mwaka 2012 iliweza kufungua faili za PageMaker 6.0 hadi 7.0. Matoleo yaliyofuata hayawezi. Maana yake ni kwamba mwenye faili hizo anahitaji programu ya zamani ili aweze hata kuzihamishia kwenye mpya. Jambo hili wasiofanya kazi hii huwa hawalioni. Wanadhani tunaing'ang'ania ya zamani kwa mazoea au kwa uvivu wa kujifunza. Wengi wetu tunaihitaji kwa siku moja tu, siku ya kuvusha mizigo. Lakini siku hiyo moja ni lazima iwake.

Kuna suala la fonti pia, na hili linawahusu zaidi waandishi wa lugha zetu. Luganda ina herufi ŋ, ile ya eŋŋoma. Kabla kompyuta hazijakubaliana duniani kote jinsi ya kuhifadhi herufi kama hizo, mafundi walizipachika kwenye fonti mahali pa alama nyingine isiyotumika sana. Ukifungua faili ya namna hiyo bila fonti yake na bila programu yake, pale penye ŋ unakuta mabano au alama ya fedha, na kitabu kizima cha methali kinageuka fumbo. Nimewahi kukaa na mzee mmoja tukilifumbua fumbo la namna hiyo kwa subira, ukurasa baada ya ukurasa, yeye akikumbuka methali na mimi nikiandika. Alikuwa anazikumbuka. Je, asingezikumbuka?

Nje ya uchapishaji ni hivyohivyo. Rafiki yangu anayetunza hesabu za chama cha akiba na mikopo alibaki na miaka tisa ya daftari za wanachama ndani ya programu ambayo mtengenezaji wake alifunga ofisi. Fundi wa kliniki moja alinionyesha mashine ya eksirei ambayo yenyewe ni nzima, ila kompyuta yake ikifa, programu ya kuiendesha haina pa kupatikana tena.

Na kuna la karibu zaidi, ambalo lina tarehe. Microsoft imetangaza kwamba Publisher, programu yake ya kupangia kurasa, itafikia mwisho wake Oktoba 2026, na kwamba kuanzia hapo wanaolipia Microsoft 365 hawataweza kufungua wala kuhariri faili zao ndani ya Publisher. Waheshimiwa, mnajua ni nani wanaotumia Publisher katika nchi hii. Shule zinaifundishia wanafunzi wa A-Level wanaochukua somo dogo la kompyuta, wanapojifunza kutengeneza vipeperushi na kadi. Makanisa na misikiti inapangia ratiba. Sekretari za mitaani, zile zenye kompyuta moja na mashine ya fotokopi, zinapangia ratiba za mazishi. Mwenye nakala iliyosakinishwa kwa leseni ya kudumu ataendelea nayo, bila huduma, mpaka siku kompyuta yake itakapokufa. Siku hiyo atakuwa mahali nilipokuwa mimi. Kampuni imetoa taarifa mapema na kuwashauri watu wageuze faili zao kuwa PDF au Word, na hilo ni jema. Lakini je, ni ofisi gani ya serikali iliyowafikishia habari hii walimu wa wilaya za mbali kama Adjumani au Bundibugyo?

Sasa niseme ninachokiomba, na sababu yake.

Nikinunua mashine ya kuchapia ya Heidelberg, hata iwe ya mwaka 1970, ni yangu. Kiwanda kikiacha kuiunda, fundi wa Katwe atachonga kipuri na mashine itaendelea kunguruma. Programu inauzwa kwa namna nyingine. Ninalipa, ninapewa boksi, lakini ndani yake kuna kufuli ambalo ufunguo wake uko kwenye seva ya mtu, ng'ambo. Siku akiizima seva hiyo, boksi langu, risiti yangu na namba yangu ya leseni vinabaki karatasi. Na sheria yetu inamlinda yeye. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, programu ya kompyuta inalindwa kwa miaka 50 tangu ilipotolewa kwa umma. Iliyotoka mwaka 2001 ina ulinzi hadi 2051. Mtengenezaji anaweza kuacha kuiuza baada ya miaka mitano, akazima seva baada ya kumi mingine, na kwa miaka mingine 35 mnunuzi halali akawa hana pa kuikimbilia: haiuzwi, haiwaki, na kuifungua kufuli mwenyewe ni kujitafutia kesi.

Naheshimu hakimiliki. Mimi mwenyewe ninaishi kwa kazi ambayo mtu anaweza kuiiba kwa kupiga fotokopi. Ninachokiomba hakimnyang'anyi mtengenezaji hata shilingi, kwa sababu bidhaa hiyo ameshaacha kuiuza. Naomba sheria iseme wazi kwamba aliyenunua programu kihalali ana haki ya kutunza nakala ya akiba na ya kuisakinisha tena kwenye kompyuta nyingine pale ya kwanza inapokufa; na kwamba mtengenezaji akizima mfumo wa uamilishaji, ama atoe toleo lisilohitaji uamilishaji kwa waliolipa, ama mnunuzi aruhusiwe kulifungua kufuli hilo kwa matumizi yake bila kuitwa mwizi.

Atakayesema haiwezekani, nina mifano. Adobe, kampuni inayotengeneza InDesign, ilipozima seva za uamilishaji za bidhaa zake za CS2 kati ya Desemba 2012 na Januari 2013, iliweka hadharani toleo lisilohitaji uamilishaji, pamoja na namba zake, kwa ajili ya wateja waliokuwa wameshanunua. Haikufilisika. Machi 2014 Microsoft iliruhusu msimbo wa MS-DOS 1.1 na 2.0, mfumo wake wa zamani wa kuendeshea kompyuta, uwekwe wazi kupitia Computer History Museum huko California, watu wajifunze. Katika Umoja wa Ulaya, sheria yao ya programu za kompyuta, iliyoanza mwaka 1991 na kuandikwa upya mwaka 2009, inasema mkataba hauwezi kumzuia mwenye haki ya kutumia programu kutengeneza nakala ya akiba anayoihitaji kwa matumizi hayo. Marekani, ambako kampuni nyingi za aina hii ndiko ziliko, kila baada ya miaka 3 hupitia orodha ya ruhusa za kupita kufuli za kidijitali. Mwaka 2003 waliruhusu kwa programu zilizofungwa kwenye miundo au vifaa vilivyokwisha kupitwa na wakati. Mwaka 2018 wakaziruhusu maktaba, hifadhi za nyaraka na makumbusho kuhifadhi programu ambazo hazipatikani tena sokoni. Ikiwa nchi ya watengenezaji wenyewe imeona umuhimu huo, sisi wanunuzi tunangoja nini?

Nije kwa Maktaba ya Taifa, ambayo naipenda. Sheria ya mwaka 2003 iliyoiunda inamtaka mchapishaji apeleke nakala za kila kitabu. Mwaka 2005 tulipeleka nakala za kitabu cha mwalimu, nikiwa nimezibeba mimi mwenyewe kwenye bodaboda. Mlitunza karatasi, asanteni. Lakini kitabu cha leo hakizaliwi kwenye karatasi. Kinazaliwa kwenye faili, na faili haisomeki bila programu yake, na programu haiwaki bila mfumo wake. Naomba pawepo chumba, hata kidogo, chenye kompyuta chache za zamani zinazotunzwa, zenye mifumo ya zamani na programu zilizotumika hapa kwetu kwa miaka hii 40, mwananchi aje na sidii yake, afungue faili lake, aligeuze kuwa muundo wa sasa, aondoke nalo. Si lazima hata ziwe kompyuta nyingi; leo kompyuta moja ya kawaida inaweza kuigiza ya zamani kwa programu za bure kama VirtualBox. Kinachokosekana ni idhini ya kisheria ya kukusanya programu zenyewe, na mtu mmoja aliyeajiriwa kuzijua. Vijana wenye ujuzi huo wapo Makerere na wapo Kyambogo.

Kwa wanaonunua kwa fedha za umma, ombi langu ni fupi. Mkataba wowote wa programu unaopita chini ya kanuni za PPDA, mamlaka ya ununuzi wa umma, uwe na vifungu vinavyosema: faili la usakinishaji likabidhiwe mkononi, si kiungo cha kupakua tu, leseni iendelee kufanya kazi hata kampuni ikifungwa, na data ziweze kutolewa kwa muundo ulio wazi. Miundo hiyo ipo. PDF/A ya kuhifadhia nyaraka ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2005, na OpenDocument mwaka 2006. Wilaya ikipoteza rejista yake ya ardhi kwa sababu seva fulani ng'ambo imezimwa, hakuna atakayekubali kisingizio kwamba leseni iliisha muda.

Najua wataalamu wenu wa usalama watapinga, na wana hoja. Microsoft iliacha kutoa viraka, yaani masahihisho ya usalama, vya Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, vya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na vya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo usio na viraka ukiuunganisha na intaneti ni mlango ulioachwa wazi usiku. WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili za watu na kudai fedha, ilipoenea duniani Mei 2017, Microsoft iliamua kutoa kiraka cha XP miaka 3 baada ya kuiacha, hali ilikuwa mbaya kiasi hicho. Ndiyo maana kompyuta yangu ya zamani haina waya wa mtandao wala Wi-Fi. Faili zinaingia na kutoka kwa flashi iliyokaguliwa kwenye kompyuta nyingine. Mnaweza kuweka sharti hilohilo kwa kila ofisi. Wengi huko maofisini wako kwenye XP au Windows 7 wakiwa mtandaoni hivi sasa, kimyakimya, kwa kuogopa kuuliza.

Na usalama una upande wa pili. Mtu akinyimwa njia halali ya kusakinisha tena kitu alichokinunua, hatakaa bila kazi. Atashuka ngazi. Hapo chini mtaani kuna vijana wenye flashi zilizojaa programu zilizovunjwa kufuli, na kwa shilingi elfu kumi unasakinishiwa chochote dakika 20. Kuna tovuti pia, mamia, zinazoahidi toleo la zamani la kila kitu. Jirani yangu wa chumba cha mbele alipakua kutoka kwenye mojawapo, akitafuta toleo la programu ambayo leseni yake anayo ukutani, imewekwa kwenye fremu. Asubuhi alikuta faili zote za wateja zimefungwa na ujumbe wa kudai fedha za kidijitali. Alifunga duka kwa wiki tatu. Mtu huyo hakuwa mwizi wa programu. Alikuwa mnunuzi aliyefungiwa mlango wa nyumba yake, akapita dirishani gizani, akaumia. Ukiwepo mlango halali, dirisha hilo litapata wateja wachache.

Baadhi yenu mtashauri tuhamie kwenye programu huria, ambazo hakuna awezaye kuzizima. Nakubaliana nanyi kabisa, na kijana wangu ninamfundisha Scribus na LibreOffice. Matoleo yao ya zamani yanapatikana wazi hata baada ya miaka mingi, na ningetamani kila shule ianze hapo. Ila hilo linatatua kesho. Hazina ya jana bado imo kwenye sidii zetu, na sidii nazo zinakufa. Zile nilizochoma mwenyewe mwaka 2003, kadhaa hazisomeki tena. Kila msimu wa mvua, joto na unyevu vinapunguza idadi.

Ninalo sanduku hilo la bati. Nimelihesabu juzi, nikijiandaa kuandika barua hii: sidii 64 za wateja na boksi 11 za programu, zote zikiwa na leseni na risiti. Ndani yake mna vijitabu 23 vya Kiswahili, kamusi moja ya Kinubi ambayo haikumalizika, nyimbo za harusi za Bombo zilizokusanywa na kina mama, na kalenda za misikiti za miaka 15. Wenye kazi hizo wengi wako hai na wamenipa ruhusa. Kompyuta ya zamani ninayo, ninajua kuiendesha, na kila Ijumaa baada ya swala nina nafasi. Niambieni tu niilete ofisi gani, dirisha namba ngapi, na nimwone nani.

Wenu katika kazi,
Mpanga kurasa, Nasser Road, Kampala